Hadithi Inayovumilia Kusomwa Tena

Anayekubali kuwa jaji wa shindano la hadithi fupi sana miongoni mwa marafiki hukabidhiwa kazi ambayo, kwa kuitazama juujuu, haina uzito wowote. Hakuna fedha zinazoshindaniwa wala cheti kitakachotundikwa ukutani. Hadithi ndefu kuliko zote haizidi maneno 100, na msomaji wa kawaida huimaliza katika muda usiofika dakika moja. Mshindi hupata pongezi za wenzake na haki ya kuchagua mada ya shindano litakalofuata, basi. Hata hivyo, kila ninapoombwa kuifanya kazi hiyo huiona ngumu kuliko kuhariri mswada wa kitabu kizima, kwa sababu katika mswada mrefu sentensi mbovu hufunikwa na sentensi nzuri zinazoizunguka, lakini katika maneno 100 sentensi moja ya maneno kumi ni sehemu ya kumi ya kazi yote, na mwandishi hana mahali pa kuificha.

Katika shindano letu la karibuni mada ilikuwa neno moja, kusubiri, na maagizo tuliyopewa sisi majaji watatu yalikuwa mafupi kama hadithi zenyewe: kila mmoja ataje hadithi tano alizozipenda, azipange kwa daraja, na aeleze sababu. Waandaaji hawakusema tuchague hadithi bora, na tofauti hiyo ninaiheshimu. Ubora ni dai linalotaka vipimo vinavyokubaliwa na wote, nasi hatukuwa navyo. Kupenda ni ushuhuda, na shahidi anachodaiwa ni kusema kweli alichokiona na kukubali kuulizwa maswali. Kwa hiyo sioni haya kuwaambia wenzangu kwamba hadithi fulani nimeipenda tu, mradi niweze kuionyesha sentensi iliyonifanya niipende, na mradi niwe nimeisoma zaidi ya mara moja. Sharti hilo la pili ndilo ninalotaka kulieleza hapa, maana ndilo linaloamua karibu kila kitu katika namna yangu ya kuchagua.

Hadithi fupi sana ina fursa ambayo riwaya haina. Msomaji wa riwaya akirudi ukurasa wa kwanza baada ya kumaliza wa mwisho, mengi yamekwisha kumtoka. Msomaji wa maneno 100 anarudi mwanzo akiwa bado anaisikia sentensi ya mwisho masikioni. Sentensi ya kwanza ya hadithi kama hiyo ina maisha mawili, moja kabla ya kuujua mwisho na jingine baada ya kuujua, na mwandishi anayeijua kazi yake huiandika kwa ajili ya yote mawili. Mimi naamini kwamba aina hii ya uandishi imeumbwa kwa ajili ya kusomwa mara mbili papo kwa papo, na kwamba jaji anayeisoma mara moja tu ameona nusu ya kazi.

Ukiusimamia msimamo huo, hadithi nyingi huanguka mapema. Zinazoanguka kwa wingi ni zile ambazo majaji wenzangu nami tumezoea kuziita hadithi za kumbe. Kumbe msimulizi ni paka. Kumbe alikuwa akiota. Kumbe anayesubiriwa alikwisha kufa, au anayesubiri ndiye marehemu, au wote wawili ni marehemu na mahali wanapoketi si pa dunia hii. Mada ya kusubiri, nakiri, iliwavuta wafu kwa wingi kuliko nilivyotazamia. Usomaji wa kwanza wa hadithi hizi hufurahisha, wala simlaumu anayezipenda. Shida huja unaporudi mwanzo. Ili kuuficha mwisho wake, mwandishi amelazimika kukwepa kuita vitu kwa majina yao, akaandika “mahali pale”, “jambo lile”, “yule mwingine”, na sasa, siri ikiwa imekwisha kutoboka, huoni tena kisa bali unaona ukwepaji mtupu, sentensi baada ya sentensi. Mimi huifunika sentensi ya mwisho kwa kiganja nikajiuliza kama kilichobaki juu yake kina mtu ndani yake, mtu anayetaka kitu na anayezuiwa na kitu. Mara nyingi jibu ni hapana: maneno 90 yalikuwa pazia, na kumi yalikuwa mkono wa kulifungua.

Kuna mfano maarufu wa jambo hili, nao ni ile hadithi ya maneno sita ya Kiingereza iliyoandikwa kwa mtindo wa tangazo la kuuza viatu vya mtoto mchanga ambavyo havijapata kuvaliwa. Watu humpa Ernest Hemingway, mwandishi wa riwaya wa Marekani, sifa ya kuiandika, ingawa hakuna ushahidi kwamba ni yake, na maandishi yanayofanana nayo yalikwisha kuonekana katika magazeti ya Marekani mwanzoni mwa karne ya 20, Hemingway akiwa bado mtoto. Hutajwa katika karibu kila somo la uandishi kama kilele cha ufupi. Kwangu mimi ni hadithi ya kumbe iliyosafishwa sana: ukishaelewa kwamba mtoto hayupo, imekwisha, na ukiisoma tena unachostaajabia ni ustadi wa aliyeipunguza tu. Ilinganishe na ile ya Augusto Monterroso wa Guatemala, iliyochapishwa mwaka 1959, ambayo ukiliacha jina lake ina maneno saba tu ya Kihispania. Mtu anaamka, na dinosaria bado yupo pale. Kihispania, kama Kiswahili, huruhusu kitenzi kisimame bila mtendaji kutajwa, kwa hiyo hatuambiwi aliyeamka ni nani. Na lile “bado” linatulazimisha kukubali kwamba dinosaria alikuwapo kabla ya usingizi, na kwamba huenda mtu huyo alilala akitumaini kwamba angeondoka. Hakuna siri iliyofichuliwa. Kila ukiirudia unakuta swali ambalo hukuliuliza mara iliyotangulia, na tangu mwaka huo watu hawajachoka kuijadili.

Ni wazi kwamba hakuna rafiki yetu anayepaswa kupimwa kwa kipimo cha Monterroso. Ninachokitafuta ni dalili ndogo tu ya tabia hiyo: hadithi ambayo, ukiirudia, inakupa kitu ambacho haikukupa mwanzo.

Kikomo cha maneno nacho kina mambo yake katika lugha yetu. Katika miaka ya 1980 mashabiki wa hadithi za kubuni za kisayansi nchini Uingereza walianzisha mtindo wa kuandika visa vya maneno 100 kamili, si 99 wala 101, na mashindano mengi ya mtandaoni yamerithi namba hiyo bila kuihoji. Lakini namba iliyochaguliwa kwa Kiingereza haina ujazo uleule kwa Kiswahili. Neno moja kama “asingalimwambia” lina mtendaji, kanusho, sharti, mtendewa na tendo lenyewe, na programu ya kompyuta, ambayo huhesabu nafasi zilizo wazi kati ya herufi, inalitoza bei ya neno moja. Kwa upande mwingine, viunganishi vyetu vya “ya”, “wa” na “kwa” hutozwa kila kimoja peke yake, na anayeanza kwa “Hapo zamani za kale palikuwa na” amekwisha kutumia maneno sita kabla ya kutuambia palikuwa na nini. Waandishi wazoefu wa mashindano haya wanajua mianya yote. Wanaandika “aliyekuja” badala ya “mtu ambaye alikuja”, wanasema “nyumbani” pale ambapo wengine wangesema “ndani ya nyumba”, na wachache, Mungu awasamehe, wanaliunganisha “kwa sababu” kuwa neno moja, wakijua kwamba kihesabio hakijasoma sarufi.

Mimi sihesabu, kuhesabu ni kazi ya waandaaji. Ninachokisikia, na ninakisikia vizuri zaidi katika usomaji wa pili, ni sentensi iliyobanwa hadi ikanyimwa pumzi. Kuna hadithi ambazo kila sentensi yake ni kitenzi kimoja na nukta, kwa sababu mwandishi alikuwa na kisa cha maneno 300 akaamua kukikatakata badala ya kutafuta kisa kidogo zaidi. Kuna na kinyume chake, hadithi iliyoishia kwenye neno la 70 kisha ikaongezewa vivumishi ili ifike 100, kana kwamba kikomo ni deni linalodaiwa. Msomaji wa Kiswahili aliyezoea shairi la mishororo minne yenye mizani 16 kila mmoja hahitaji kufundishwa kwamba kikomo si adui, lakini katika ushairi mizani ni lazima itimie, ilhali hapa 100 ni ukuta, na hakuna sheria inayomtaka mtu auguse ukuta. Moja kati ya tano nilizozichagua ilikuwa na maneno 61, na sikuona mahali ilipopungukiwa.

Tatizo linalozidishwa na kikomo hicho kuliko mengine yote ni la kutojua nani ni nani. Ili kuokoa maneno, waandishi wengi huondoa majina ya wahusika, na wahusika wakiwa wawili, wote wawili hugeuka kuwa kiambishi kimoja. “Alipomwona akamkumbatia, naye akalia.” Nani alilia? Katika hadithi ndefu muktadha ungetujibu. Katika maneno 100 tunakisia, tunasonga mbele, na tukirudi mwanzo tunagundua kwamba machozi tuliyapeleka kwa mtu asiyehusika. Ninamsamehe mwandishi ambaye mkanganyiko huo ameukusudia na akaufanyia kazi, kwani sarufi imempa chombo ambacho wenzake wa baadhi ya lugha nyingine hawana. Simsamehi aliyeuacha kwa uvivu, maana jina la silabi mbili lingemgharimu neno moja tu. Kuna na wale wanaoutegemea ukimya wa lugha yetu kuhusu jinsia ili kutushtua mwishoni kwamba rubani, au mlinzi, au jambazi, alikuwa mwanamke. Mshtuko wa namna hii unategemea msomaji awe na dhana fulani kichwani. Asiyekuwa nayo hubaki na hadithi isiyokuwa na mwisho.

Nimesema kwamba usomaji wa kwanza si wa kuaminika, na sababu moja haimhusu mwandishi kabisa, nayo ni mpangilio wa kusoma. Katika mashindano ya muziki ya Queen Elisabeth nchini Ubelgiji, zamu za wapiga piano na violini katika fainali hupangwa kwa kura, kwa hiyo hakuna sababu ya wanaopiga siku za mwisho kuwa hodari kuliko wanaotangulia. Mwaka 1996 wachumi Renato Flôres na Victor Ginsburgh walionyesha kwamba hata hivyo wanaopiga mwishomwishoni walielekea kupewa nafasi za juu zaidi, na wa siku ya kwanza wakaelekea kupunjwa. Ikiwa majaji waliobobea, waliolipiwa safari na kuketi mbele ya jukwaa bila shughuli nyingine, wanayumbishwa na zamu, sembuse sisi tunaosoma kwenye simu kati ya kazi na usingizi. Hadithi ya kuchekesha ikiangukia baada ya misiba minne hupokewa kama mkombozi na kupewa sifa zinazozidi haki yake, na msiba wa tano, hata ukiwa ndio ulioandikwa vizuri kuliko yote, huadhibiwa kwa makosa ya waliotangulia. Dawa yangu ni kusoma orodha kutoka juu hadi chini bila kuandika alama yoyote, kisha siku nyingine kuisoma kutoka chini hadi juu. Hadithi zinazobadilika sana kati ya safari hizo mbili ndizo ninazozitenga na kuzisoma peke yake, mbali na majirani zake.

Sababu nyingine ni urafiki. Waandaaji huyaondoa majina na kuweka namba, lakini kati ya watu waliosomana kwa muda mrefu namba haifichi mengi. Yupo ambaye kila hadithi yake ina dirisha, na yupo anayependa kuanza na mazungumzo bila kutuambia wanaozungumza ni nani. Nikimtambua mtu sijidai kwamba sijamtambua. Huwaambia majaji wenzangu kwamba namba fulani ninahisi ninaijua, na ninawaachia wao waizungumze kwanza. Hatari kubwa, kwa uzoefu wangu, si kumpendelea rafiki. Ni kumnyima kwa kuogopa kuonekana unampendelea, na huo nao ni upendeleo, ila umevaa joho la haki.

Kuhusu maandishi ya mashine nitasema machache, kwa kuwa kila anayeandaa shindano siku hizi huulizwa. Februari 2023 jarida la hadithi za kisayansi la Clarkesworld lilisitisha kwa muda kupokea kazi za waandishi baada ya kufurikwa na hadithi zilizotungwa na programu, na jarida hilo hulipa. Sisi hatulipi, kwa hiyo kishawishi ni kidogo. Sijaribu kuwa mpelelezi. Hadithi laini isiyo na mtu ndani yake huanguka katika usomaji wa pili bila kujali imeandikwa na nani, na zipo nyingi za namna hiyo zilizoandikwa na binadamu tangu kabla ya mashine.

Sasa nizitaje nilizozipenda, kwa ruhusa ya walioziandika.

Niliyoiweka ya kwanza inaitwa “Saa Mbili Usiku”. Msimulizi anapigiwa simu kila usiku saa hiyohiyo na mzee aliyekosea namba, mzee anayedhani anazungumza na mtoto wake aliye mbali. Mara ya kwanza msimulizi anajaribu kumsahihisha na mzee hasikii vizuri. Mara ya pili hajaribu tena. Baadaye anajikuta ameketi karibu na simu kabla ya saa kufika. Wanazungumza mambo madogo: umekula, umelala vizuri, bado unakohoa. Katika sentensi ya mwisho, kabla ya kukata simu, mzee anamuuliza kwa upole, “Na wewe, mwanangu, jina lako nani?”

Hiyo ni kumbe, bila shaka, na kwa msimamo wangu ningepaswa kuitilia shaka. Lakini rudi mwanzo. Mzee hamwiti msimulizi kwa jina hata mara moja; anasema “mwanangu”, na sisi wasomaji, pamoja na msimulizi, tumelisikia neno hilo kama dai la uzazi, hali ni neno ambalo mzee yeyote humwambia kijana yeyote. Kukohoa, ambako mwanzoni tulikuchukua kuwa ni wasiwasi wa mzazi anayemkumbuka mtoto wake, sasa tunaona kwamba ni kitu ambacho mzee amekisikia kupitia simu, kwa mtu huyuhuyu, katika siku hizihizi. Na ile sentensi ya mara ya kwanza, isemayo kwamba mzee hasikii vizuri, inasimama upya na kutuuliza kama kweli hasikii. Mwandishi hakutuficha chochote. Kila kitu kilikuwa mezani tangu mwanzo, kimeitwa kwa jina lake. Katika usomaji wa kwanza ni hadithi ya kijana anayemhurumia mzee. Katika wa pili sijui tena nani alikuwa akimhurumia nani, na bado ninaitafakari. Zile saa mbili za usiku katika jina la hadithi, jina ambalo kwa kanuni zetu halihesabiwi katika maneno 100, zinamfanya mwandishi asihitaji kusema ndani ya kisa kwamba msimulizi alikuwa mpweke. Wengi hulitumia jina kama kibandiko. Huyu amelitumia kama sentensi ya bure.

Ya pili yangu ni ya watu wawili wasiofahamiana walioketi kwenye benchi moja la hospitali, mmoja akisubiri kuzaliwa kwa mtoto na mwingine akisubiri habari ambayo hataki kuisikia. Ni hadithi safi. Haina neno la ziada, na mwandishi amejizuia kuwafanya wazungumze, jambo ambalo wengi wangelishindwa. Nilipoirudia niliikuta kama nilivyoiacha, haijapungua wala haijaongezeka, na ndiyo sababu ikawa ya pili badala ya kuwa ya kwanza.

Ya tatu ina kasoro, na ninaipenda zaidi kuliko nafasi yake inavyoonyesha. Ndugu wawili wanagawana vyombo vya nyumba ya wazazi wao, kila mmoja akisubiri mwenzake achague kwanza. Sentensi ya kwanza, inayosema kwamba ilikuwa siku ya huzuni sana, ni ya kufutwa bila mjadala. Lakini baada yake kuna orodha ya vitu isiyo na kivumishi hata kimoja, na katikati ya orodha hiyo maneno “chukua wewe” yanarudi mara tatu. Mara ya kwanza ni adabu. Mara ya pili, baada ya kitu kimoja ambacho wote wanakitaka, ni uchokozi. Mara ya tatu kitu chenyewe hakitajwi, na aliyesema hatajwi, na kwa kadiri ninavyosikia mimi ni ombi. Mara ya kwanza nilipoisoma niliyapita maneno hayo kama marudio ya kawaida. Ningekuwa mwalimu wa uandishi ningeibandika hadithi hii ubaoni, sentensi mbovu ikiwa imo, ili watu waone kiasi gani cha uzito kinaweza kuwekwa juu ya maneno mawili yasiyobadilika. Ya nne ni ile ya maneno 61, na ya tano ilinichekesha katika safari zote mbili, kutoka juu na kutoka chini, jambo ambalo si dogo.

Sikupata nilichotaka. Tulitoa alama tano kwa hadithi ya kwanza, nne kwa ya pili, na kuendelea hivyo hadi moja, mtindo ambao Mfaransa Jean-Charles de Borda aliutetea katika karne ya 18 na ambao mashindano mengi huutumia bila kujua una mwenyewe. Mimi na jaji mmoja tuliiweka “Saa Mbili Usiku” ya kwanza. Jaji wa tatu aliiweka ya tano, akisema kwamba mzee hakustahili kudanganywa hata kama udanganyifu ulikuwa wa huruma. Nilimweleza habari ya kikohozi. Akaisoma tena, akakubali kwamba mzee anajua, na hakubadilisha nafasi yake, kwa maelezo kwamba kujua kwa mzee hakumsafishi kijana. Ni jibu zuri, na sikuwa na la kuongeza. Hadithi ya benchi la hospitali aliiweka ya kwanza, nasi wawili tulikuwa tumeiweka ya pili. Kwa hesabu, “Saa Mbili Usiku” ikapata 11 na benchi likapata 13, ingawa majaji wawili kati ya watatu, ukiwauliza kuhusu hadithi hizo mbili tu, wangeichagua ile ya simu. Markizi Condorcet, mwanahisabati Mfaransa aliyeishi zama moja na Borda, aliupinga mtindo huo kwa hoja ya namna hii katika mwaka 1785, na mjadala haujafungwa. Mfumo wa alama huipenda hadithi ambayo hakuna aliyeichukia. Hilo si baya katika shindano la marafiki, lakini niliomba, na waandaaji wakakubali, kwamba chini ya jina la mshindi iwekwe orodha kamili ya kila jaji pamoja na sababu zake, ili msomaji aone mahali tulipogawanyika.

Sababu hizo ndizo ninazozitumia muda mwingi kuliko kazi nyingine yoyote ya ujaji. “Hongera, hadithi nzuri sana” ni maneno ya heri, lakini mwandishi hawezi kuyafanyia lolote. Kwa aliyeingia katika tano zangu ninaitaja sentensi iliyonishika na ninasema ilibadilika vipi nilipoirudia. Kwa asiyeingia ninaandika sentensi moja tu inayoonyesha mahali niliposimama, yaani pale ambapo macho yangu yaliinuka kutoka kwenye maandishi, na sisemi angefanya nini, kwa kuwa hadithi si yangu. Watu wasioshinda huyasoma maoni hayo kwa makini kuliko washindi, na baadhi yao hujibu.

Mmoja aliyeandika kuhusu mlinzi anayesubiri kupambazuke nilimwambia kwamba nilisimama pale mlinzi anapoyahesabu madirisha ya jengo, kwa sababu hesabu hiyo ilionekana kukizuia kisa kisitembee. Wiki iliyofuata alinitumia toleo jipya. Lilikuwa na maneno 83. Sentensi ya madirisha ilikuwamo bado, neno kwa neno, na alichokiondoa ni maelezo yote yaliyokuwa yakiitangulia, yaliyotueleza kwa nini mlinzi anahesabu. Nilimjibu kwamba yeye ndiye aliyekuwa sahihi kuhusu madirisha, na kwamba shindano, kwa bahati mbaya, lilikuwa limekwisha kufungwa.